Kulinganua

Kwenye boksi la televisheni dukani Kariakoo utakuta imeandikwa 1,000,000:1. "Hiyo kontrasti yake, kaka, milioni nzima," muuzaji atakwambia. Kontrasti tumeizoea, lakini Kiswahili kina neno lake, nalo wanaisimu wamelitumia siku nyingi: ulinganuzi. Kulinganisha ni kuweka vitu viwili pamoja na kuvipima. Kulinganua ni kusaka tofauti zao. Nalipenda neno hili kwa sababu linatulazimisha kuuliza: tofauti kati ya nini na nini?

Kwenye runinga ni kati ya weupe na weusi. Weupe ukiwa niti 500 (niti ni kipimo cha mng'ao) na weusi ukavujisha niti 0.5, uwiano ni 1,000:1. Shusha weusi hadi 0.1, weupe ubaki palepale, unapata 5,000:1. Siri iko kwenye giza.

Ile milioni mara nyingi hutokana na vipimo viwili vya nyakati tofauti: weupe hupimwa taa za nyuma zikiwaka kwa nguvu zote, weusi hupimwa zikiwa zimefifishwa. Huo si ulinganuzi wa picha moja. Kwenye picha, mwezi na anga lake la usiku tunavitazama kwa pamoja! Runinga za OLED ni habari nyingine, maana kila nukta hujizima yenyewe.

Mwombe muuzaji azime taa, aweke filamu pana. Tazama ile mistari myeusi juu na chini ya picha. Ikiwa ya kijivu, umeshaujua weusi wa runinga hiyo.