Nani alimuua dada ya chifu Tabaro?

Vijana wetu wanapenda michezo ya video ya upelelezi: unaingia katika kijiji cha mbali, unatafuta nani aliua. Boga yetu ina fumbo kama hilo, tena la kweli.

Mwaka wa 1896 mwinjilisti Apolo Kivebulaya alifika hapa kutoka Uganda. Chifu Tabaro hakupendezwa na mafundisho yake. Siku moja dada ya chifu aliangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshtaki Apolo kwamba ndiye muuaji. Akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Toro, ng'ambo ya mto Semliki.

Alipoachiliwa angeweza kubaki kwao. Alirudi Boga. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo. Apolo alifariki hapa mwaka wa 1933, na kaburi lake liko kwetu.

Nawakumbusha haya kwa sababu kambini uvumi una mbio. Mtu akifa, jina la jirani linatajwa kabla hatujauliza. Tabaro alipata nafasi ya kupatana na aliyemsingizia, kwa kuwa alikuwa bado hai. Tuulize kwanza.