Dhambi ya Adamu Ilivyofika Bujumbura

Waulize watu wa Bujumbura, nchini Burundi, kama mtoto mchanga huzaliwa na dhambi. Mwislamu atakujibu kwamba Adamu alitubu akasamehewa, na wanawe hawana deni lolote. Mkatoliki atasema kwamba mtoto ana dhambi ya asili, na ndiyo sababu anabatizwa. Jibu hili la pili lilikuzwa katika bara hili hili la Afrika.

Wakristo wa karne za kwanza walikubaliana kwamba mauti yaliingia kwa sababu ya uasi wa Adamu, lakini hawakuwa na fundisho moja kuhusu kile ambacho watoto wake walirithi. Walichosisitiza zaidi ni hiari ya mtu, kwa kuwa wengi waliowazunguka waliamini kwamba maisha hutawaliwa na nyota. Hata Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika Algeria ya leo, alianza uandishi wake wa Kikristo upande huo. Ujanani alifuata kwa takriban miaka tisa mafundisho ya Mani, yaliyosema kwamba uovu ni nguvu inayojitegemea. Alipoyaacha, aliandika kati ya 388 na 395 kitabu kuhusu hiari, akieleza kwamba uovu hutokana na utashi wa kiumbe unaomwacha Mungu.

Mwaka 410 Wagothi waliteka Roma, na wakimbizi wakavuka bahari hadi Karthago. Miongoni mwao alikuwa Pelagio, mcha Mungu kutoka Britania, pamoja na mfuasi wake Selestio. Pelagio alifundisha kwamba Adamu alijidhuru mwenyewe tu, na kwamba anayeamriwa kutenda mema lazima awe na uwezo wa kuyatenda. Baadaye aliunga mkono hoja zake kwa maneno ya kitabu kile kile cha Augustino! Selestio alihukumiwa Karthago mwaka 411, na mwaka 418 mtaguso wa maaskofu zaidi ya 200 ukalilaani fundisho hilo katika mji huo huo.

Augustino alimpinga Pelagio, akifundisha kwamba watoto wote wa Adamu hurithi hatia yake. Kwa nini alisisitiza hatia hiyo ya kurithi? Mpinzani wake Juliano wa Eklano alidai kwamba mabaki ya Mani hayakumtoka. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa, ila nadhani desturi ya Kanisa la Afrika ilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Mnamo mwaka 253, karne nzima kabla ya Augustino kuzaliwa, Sipriano wa Karthago alikwisha kutetea ubatizo wa watoto wachanga, akisema kwamba wamepata ambukizo la mauti kutoka kwa Adamu. Waumini walikuwa wakibatiza watoto kwa ondoleo la dhambi. Ilibidi wanatheolojia waeleze ni dhambi gani.

Makanisa ya Mashariki hayakumfuata Augustino kikamilifu: Waorthodoksi husema kwamba tumerithi mauti na udhaifu, si hatia. Roma ililithibitisha fundisho la dhambi ya asili katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, na mwaka uliofuata, katika mtaguso huo huo, ikasisitiza kwamba hiari ya mwanadamu imedhoofika lakini haijafa.

Kisha fundisho likarudi Afrika. Mwaka 1868 Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alianzisha shirika la Mapadre Weupe katika nchi ile ile alikozaliwa Augustino. Mapadre hao walifika Rumonge nchini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Wamisionari watatu waliuawa huko mwaka 1881, na misheni ya kudumu ikaanza Muyaga mwaka 1898.

Katika miaka ya 1930 Waanglikana walifungua vituo vya Buhiga na Matana, na vuguvugu la Uamsho wa Kikristo lililotoka Gahini nchini Rwanda likawafuata. Waliookoka walizungumza kidogo kuhusu Adamu. Kila mmoja alisimama akaungama uongo wake na wizi wake mwenyewe. Wapentekoste wa Uswidi, waliofika mwaka 1935, walikwenda mbali zaidi. Wao hawabatizi watoto wachanga kabisa: humngoja mtu aamini na kutubu kwa hiari yake.