Shamba moja, sheria zinabadilika: ardhi ya Kabonga hadi Rumonge

Vijana wenzangu, wengi wetu tumekulia kambini tukisikia neno hili: itongo. Babu anasema, "Sisi tuna itongo kule ziwani." Lakini ukifika Kabonga au Rumonge unakuta mtu mwingine analima palepale, na anasema alipewa na serikali. Nani mwongo? Mara nyingi hakuna. Sheria ndiyo ilibadilika.

Mwaka 1972 mauaji yaliwakimbiza watu wengi wa mwambao huu wakaingia Tanzania. Baadaye wengi wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma, mashamba yao mengine yalichukuliwa na watu binafsi, mengine serikali ikawapa wageni, na kule Rumonge mengine yakaingizwa kwenye mradi wa michikichi.

Mwaka 1986 ikaja Sheria ya Ardhi. Aliyekaa kwenye shamba miaka 30 bila kudaiwa, ni lake. Kama aliingia kwa nia njema, miaka 15 inatosha. Hebu piga hesabu: aliyepewa mwaka 1973, kufika 1988 lishakuwa lake. Na mkimbizi aliyeko Mishamo angedai vipi?

Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ukageuza mambo: mkimbizi arudishiwe ardhi yake, ikishindikana alipwe fidia. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Chini ya Padri Astère Kana, tume ilipenda watu wagawane shamba. Kuanzia 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, ikaelekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Hata waliokuwa wameshagawana, wengine kesi zao zikafunguliwa upya. Na anayetolewa naye ni maskini, watoto wake wamezaliwa pale. Mwaka 2014 ikaongezwa mahakama maalum ya ardhi.

Kwa hiyo majirani wawili wenye kesi moja waliweza kupata majibu mawili, kwa sababu tu ya mwaka waliofika mbele ya tume.

Ndugu zetu wa mashirika, msiulize tu "shamba liko wapi?" Ulizeni pia: mlikimbia mwaka gani, nani alipewa, na nani alimpa? Na sisi vijana, tukae na wazee leo tuandike majina ya mipaka na ya majirani. Sheria inaweza kubadilika tena, lakini mzee akiondoka na habari hizo, hakuna tume itakayozirudisha.