Mpaka Uliohamia Kwenye Cheti: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Kigeni katika Busia na Tororo tangu 1938

Kijana wa Busia, upande wa Kenya, anapopata nafasi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, husafiri kutwa nzima au usiku kucha kufika chuoni, na hakuna amwitaye mgeni. Kijana huyohuyo akipokelewa na Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika Wilaya ya Busia ya Uganda, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Tororo, hufika kabla ya chakula cha mchana, na huandikishwa kuwa mwanafunzi wa kigeni. Makala haya yanahoji kwamba ugeni huo hautokani na umbali, lugha wala nasaba. Katika eneo hili, historia ya maandalizi ya kwenda kusoma nje ni historia ya karatasi, hasa cheti cha shule ya sekondari. Yanaonyesha jinsi mpaka ulivyohama polepole kutoka kwenye kizuizi cha barabarani na kuingia ndani ya cheti, na kwa nini juhudi za miaka ya karibuni za kuulainisha mpaka wa barabarani hazijaugusa ule wa pili.

Mstari na jamaa

Kabla ya 1902 hapakuwa na mpaka wa kuvuka. Eneo ambalo leo ni Kaunti ya Busia lilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na katika mwaka huo Waingereza walilihamishia jimbo hilo katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Amri ya mwaka 1926 ikaueleza mstari kwa ukamilifu zaidi, ukifuata kwa sehemu mito ya Sio na Malaba. Wasamia na Wateso walijikuta pande zote mbili. Upande wa Uganda nako mipaka ya utawala iliendelea kukatwa: Wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997.

Nini maana ya mstari huo kwa elimu, familia ya Awori inaeleza vizuri kuliko ramani. Kasisi Jeremiah Awori, mmoja wa makasisi wa mwanzo Waafrika wa Kanisa la Anglikana magharibi mwa Kenya, alikuwa na watoto wengi. Mmoja wao, Moody Awori, alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003. Mdogo wake, Aggrey Awori, alisoma Uganda, akapitia King's College Budo, akaiwakilisha Uganda katika mbio za Olimpiki za Roma mwaka 1960, akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, na baadaye akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini na mgombea urais wa Uganda mwaka 2001. Ndugu wa baba mmoja, kila mmoja raia wa serikali yake. Kwa watu wa Busia kisa hiki hakina ajabu. Ajabu, kama ipo, ni kwamba sera za elimu za nchi zote mbili zimeandikwa kana kwamba familia za namna hii hazipo.

Mtihani mmoja, reli moja

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Baada ya Tume ya De La Warr ya mwaka 1937 ilipandishwa kuwa chuo cha elimu ya juu cha kuhudumia Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Kuanzia hapo, kwa kijana wa Kenya, kwenda Makerere kulikuwa kwenda nje kwa maana ya safari tu. Alijiandaa kwa mtihani wa kuingilia, ambao uliwachuja wengi mno, kisha kwa safari. Reli ilikuwa imefika Kampala mwaka 1931, ikivuka Malaba na kupita Tororo. Busia haikupata reli, hivyo aliyetoka huko alianza safari kwa njia ya barabara. Fedha mfukoni hakuzibadilisha, kwa kuwa shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitumika pande zote hadi mwaka 1966. Kwa njia hiyo walipita kina Mwai Kibaki mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1959.

Uchache wa nafasi ndio uliowasukuma wengine mbali zaidi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Maandalizi ya safari ile yalikuwa ya aina nyingine kabisa: michango ya kijiji, nauli, viza, nguo za baridi. Mara nyingi historia ya kusoma nje huandikwa kwa kuitazama ndege ile peke yake, na treni ya Kampala ikasahauliwa.

Mwaka 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mpango wake uligawa fani kwa makusudi. Udaktari ulisomwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mganda wa Tororo aliyetaka kuwa mhandisi ilimbidi apande treni ya kwenda mashariki, naye Mkenya aliyetaka udaktari, hadi Nairobi ilipoanzisha kitivo chake mwaka 1967, alipanda ya kwenda magharibi. Kusoma nchi jirani hakukuwa bahati wala kimbilio. Ndivyo mfumo ulivyopangwa kufanya kazi. Na uliwezekana kwa sababu wote walipimwa kwa kipimo kimoja. Shule za nchi hizi zilifuata mitihani ya Cambridge, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki ili lichukue kazi hiyo. Msajili wa Makerere alipopokea cheti cha mwanafunzi kutoka Kenya hakuhitaji kuuliza kina thamani gani.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Baraza la Mitihani liliishi zaidi kidogo, ingawa Tanzania ilijitoa mwaka 1971.

Miaka ya hofu

Utawala wa Idi Amin uliongeza katika maandalizi ya msafiri jambo ambalo halikuwahi kuhesabiwa: usalama wa maisha. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, akitaja mipaka ya kabla ya 1902, na Busia yote ilikuwa ndani ya dai hilo. Mwaka huohuo mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa akisoma Makerere alitoweka. Mkondo ukageuka. Waganda wengi, walimu na wanafunzi, walivuka kuja Kenya, na shule nyingi za sekondari za Kenya zilifundishwa na walimu Waganda kwa miaka kadhaa. Hata baada ya Amin hali haikutulia mara moja. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapohapo Busia na mpaka ukafungwa.

Matukio haya ndiyo yanayokumbukwa. Hata hivyo, kwa mwanafunzi, tukio zito zaidi la kipindi hicho lilipita bila mlio wa risasi.

Kumi na sita kwa njia mbili

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Baraza la Mitihani halikuwa na pa kusimama. Kenya iliunda baraza lake la mitihani, KNEC, mwaka 1980, na Uganda likaunda lake, UNEB, mwaka 1983. Kwa muda mfupi hilo lilikuwa badiliko la majina tu, kwani nchi zote mbili bado zilikuwa na miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita. Kisha, mwaka 1985, Kenya ikaingia mfumo wa 8-4-4. Watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita nchini humo walifanya mtihani mwaka 1989, mwaka uleule uliotoa watahiniwa wa kwanza wa KCSE. Uganda haikubadilika.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na inafaa kufanywa polepole, maana ndimo tatizo lote lilimo. Mkenya wa 8-4-4 alimaliza sekondari baada ya miaka 12, akasoma shahada ya miaka minne: jumla 16. Mganda alimaliza kidato cha sita baada ya miaka 13, akasoma shahada ambayo kwa fani nyingi ni ya miaka mitatu: jumla 16. Kila mfumo ulikuwa umekamilika peke yake. Mwanafunzi aliyebaki kwao hakupoteza kitu. Ni yule aliyevuka katikati ya safari tu ndiye aliyeona pengo. Mkenya mwenye KCSE akiingia moja kwa moja katika shahada ya miaka mitatu ya Uganda alihitimu akiwa na miaka 15. Mganda mwenye kidato cha sita akiingia shahada ya miaka minne ya Kenya alihitimu akiwa na 17. Mwaka mmoja, ambao hakuna serikali iliyokusudia kuuongeza wala kuupunguza, ukawa unamwangukia mtoto wa mpakani.

Pengo hili lisingewahusu wengi kama milango ya vyuo isingefunguka. Kenya ya miaka ya 1990 ilikuwa na wahitimu wengi wenye alama za kutosha kuliko nafasi katika vyuo vya umma. Wakati huohuo Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na vyuo vipya vikaota: Chuo Kikuu cha Kiislamu kilikuwa tayari Mbale tangu 1988, Uganda Christian University ikaanza Mukono mwaka 1997, Kampala International University mwaka 2001. Wakenya wakawa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanafunzi wa kigeni wa Uganda, na wengi wao walipitia Busia au Malaba.

Sheria ya vyuo vikuu ya Uganda ya mwaka 2001 ilipounda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, swali ambalo kila msajili alikuwa akilijibu kivyake lilipata mwenyewe. Je, KCSE ni sawa na kidato cha sita au kidato cha nne? Msimamo wa jumla uliojitokeza ni kwamba haifiki kidato cha sita, na kwamba mwenye nayo ajazie kwa programu ya maandalizi, hasa ile ya cheti cha elimu ya juu ijulikanayo kama HEC, kabla ya shahada. Kwa upande wa kitaaluma uamuzi huo una mantiki: unarudisha ule mwaka wa kumi na sita. Kwa mzazi wa Busia aliyeuza ng'ombe kwa hesabu ya miaka mitatu, ni ada ya mwaka wa nne.

Upande wa pili wa safari haukuwa mwepesi. Mhitimu arudipo Kenya, shahada yake ni ya kigeni nayo huhitaji kutambuliwa, na tangu sheria ya mwaka 2012 mamlaka hiyo ilipewa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hivyo mwanafunzi mmoja hupimwa mara mbili: anapokwenda, cheti chake cha shule; anaporudi, shahada yake. Maandalizi ya busara, kwa hiyo, huanza na swali la kurudi. Washauri wa wanafunzi huchelewa mno kuliuliza.

Dirisha moja

Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 ilishughulikia barabara kwa bidii. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, upande anaoingia. Mwanafunzi anayetoka Kenya sasa hugongewa mihuri ya kutoka na kuingia akiwa tayari Uganda. Uwanda ule kati ya vituo viwili, ambao waendesha baiskeli waliwavusha abiria kwa kuita "boda, boda" hadi jina likaenea dunia nzima, umepoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Katika bahasha ya mwanafunzi huyo mna barua ya chuo, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kadi ya homa ya manjano na cheti cha KCSE. Karatasi nne za kwanza humalizwa kwa dakika chache dirishani. Ya tano haisomwi pale. Itasomwa Kampala, na huenda ikamrudisha nyuma mwaka mzima.

Si kwamba jambo hili limesahauliwa kabisa. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilisimamia mfumo wa sifa za elimu ya juu uliopitishwa mwaka 2015, na Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Mfumo huo unapanga ngazi. Kuzitekeleza kumeachiwa mamlaka za kila nchi, na hapo ndipo KCSE na kidato cha sita huendelea kutazamana. Mahindi yanayovuka Busia yana kiwango kimoja cha Afrika Mashariki, hata kama wanunuzi na wakaguzi hugombana juu yake mara kwa mara. Cheti cha sekondari hakina hata kiwango cha kugombania.

Nafasi ya kukitafuta inakuja tena, na safari hii tarehe yake inajulikana. Kenya inaachana na 8-4-4. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari ya juu Januari 2026 na wanatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka 2029, wakiwa na miaka 12 ya shule na mpango wa shahada ya miaka mitatu. Uganda nayo ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, ikabakiza kidato cha tano na sita. Kumi na mbili jumlisha tatu upande mmoja, kumi na tatu jumlisha tatu upande wa pili. Mwaka 1985 kila nchi ilifanya hesabu yake bila kumwonyesha jirani. Mwanafunzi atakayevuka Busia mwaka 2029 yumo darasani tayari, na daftari la hesabu hizo bado liko wazi.