Ajali ya Goiânia

Ajali ya Goiânia ilikuwa tukio la uchafuzi wa kinururifu lililotokea mnamo Septemba 1987 mjini Goiânia, makao makuu ya jimbo la Goiás nchini Brazil. Watu 4 walifariki na wengine wengi waliathiriwa. Katika kipimo cha kimataifa cha matukio ya nyuklia, chenye ngazi 7, ajali hiyo imewekwa katika ngazi ya 5.

Chanzo

Kliniki moja ya kutibu saratani kwa mnururisho ilihama jengo lake mwaka 1985 na kuacha humo mashine yenye sezi-137. Tarehe 13 Septemba 1987 watu wawili waliingia katika jengo hilo lililobomoka nusu, wakatoa sehemu ya mashine na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani ya kifuko chake cha metali kulikuwa na gramu 93 hivi za unga wenye chumvi ya kloridi ya sezi. Kifuko kilipotobolewa, unga ulionekana kung'aa kwa rangi ya buluu gizani. Mwenye ua wa vyuma chakavu aliwagawia ndugu na marafiki, na baadhi yao walijipaka mwilini.

Jinsi uchafuzi ulivyoenea

Kloridi ya sezi huyeyuka kwa urahisi katika maji, hivyo unga ulishika kwenye ngozi yenye jasho, nguo, vyombo na wanyama wa kufugwa. Watu waliusambaza walipotembeleana, na vyuma vilivyouzwa viliupeleka kwenye maghala mengine. Upepo uliinua vumbi, na mvua iliyonyesha mwishoni mwa Septemba ililishusha juu ya mapaa ya nyumba. Katika udongo, sezi hushikwa na chembe za mfinyanzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ilibaki karibu na uso wa ardhi.

Athari kwa watu

Tarehe 28 Septemba mke wa mwenye ua, aliyetambua kwamba watu waliokuwa karibu na unga wanaugua, alipeleka mabaki katika ofisi ya afya akiwa amepanda basi. Siku iliyofuata mtaalamu wa fizikia alipima na kugundua mnururisho mkali. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo, na 249 walikutwa na uchafuzi. Kati ya waliofariki walikuwemo mwanamke huyo na mtoto wa miaka 6 aliyekula kwa mikono yenye unga. Mazishi ya mtoto yalipingwa na umati wa watu walioogopa kwamba makaburi yangechafuliwa.

Mwili hupokea sezi kama unavyopokea kaliamu na kuisambaza katika misuli. Wagonjwa 46 walipewa buluu ya Prussia, dawa inayonasa sezi ndani ya utumbo ili itoke pamoja na choo.

Usafishaji

Kazi iliongozwa na Tume ya Taifa ya Nishati ya Nyuklia ya Brazil. Nyumba zilisafishwa kwa mashine za kufyonza vumbi, rangi ya kuta ikakwanguliwa, sakafu zikasuguliwa kwa dawa zenye shabu. Nyumba 7 zilibomolewa, na tabaka la juu la udongo likachimbwa na kuondolewa.

Usafishaji hauharibu unururifu. Huuhamisha tu kutoka mahali pa watu hadi mahali pa kulindwa. Takriban mita za ujazo 3,500 za taka zilitiwa katika mapipa na makontena, zikapelekwa Abadia de Goiás, nje ya mji, ambako baadaye hifadhi ya kudumu ilijengwa. Nusumaisha ya sezi-137 ni miaka 30 hivi. Baada ya miaka 300 inabaki chini ya sehemu moja ya elfu.