Christchurch 1974: mzee wa kiko na kijana wa Karatu

Huku Ndalambo kila mtoto amecheza gololi, kwa hiyo bolingi ya nyasini hainipi taabu kuielewa. Mpira mdogo mweupe unawekwa mbali, halafu kila mchezaji anaviringisha tufe lake akitaka lilale karibu nao kuliko la mwenzake. Tofauti ni kwamba tufe lao limeundwa makusudi lisiende moja kwa moja. Likipungua kasi, linapinda. Yaani unalenga pembeni ili ufike katikati.

Gwiji wa mchezo huo alikuwa David Bryant, mwalimu wa Clevedon, Uingereza, maarufu kwa kiko chake mdomoni. Nilikuwa nasoma habari zake nikakwama penye "Christchurch, 1974". Subiri kwanza, hiyo si Christchurch yetu?

Ndiyo hiyo hiyo. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Karatu, miaka 20, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alimfukuza, hakumpata. Katika michezo hiyo hiyo Bryant, miaka 42, alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Alikuwa ameshaitwaa 1962 na 1970, na akaitwaa tena 1978.

Sasa tazama 1976. Mwanzoni mwa mwaka, mashindano ya dunia ya bolingi yalifanyika Johannesburg, chini ya ubaguzi wa rangi, na wenyeji wakazoa mataji yote. Miezi michache baadaye Tanzania ilijitoa Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini na bado New Zealand ikakaribishwa Olimpiki. Bayi, miaka 23, akabaki nyumbani. Dhahabu ya mita 1500 akaichukua nani? Walker.

Bayi alipata fedha Moscow 1980, lakini kwa mbio za kuruka viunzi na maji. Mwaka huo huo Bryant akawa bingwa wa dunia, na 1988 akawa bingwa tena, akiwa na miaka 56. Mchezo wake unamvumilia mtu mpaka mvi. Mbio hazimsubiri mtu.

Uamuzi wa Tanzania ulikuwa wa haki, na leo ningeutetea mbele ya yeyote. Ila tukiusifu tu kama uamuzi wa "taifa", tunasahau kuwa bili ilipelekwa kwa mtu mmoja mwenye miguu yake. Historia ya Bryant unaweza kuiandika kwa kuhesabu medali. Ya Bayi haikamiliki mpaka uandike na ile mbio ambayo hakukimbia.