Habari za Mtama na Mwisho wa Mvua

Sisi tukaao Nachingwea na Ruangwa hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani ya kaskazini. Mvua yetu ni moja tu. Huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, nayo hukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Tena katikati yake, mwisho wa Januari au mnamo Februari, hukatika siku kadhaa, jua likawaka kama la Oktoba. Mgeni akiyaona majani mabichi ya Januari hudhani kuwa nchi hii haijui ukame. Lakini mkulima haipimi mvua kwa jumla yake ya mwaka. Huipima kwa siku zile mahindi yake yanapotoa mbelewele. Jua likishika wakati huo, mbelewele hutoka na kumwaga vumbi lake la kuzalishia, bali ndevu za gunzi huchelewa; zitokapo, vumbi limekwisha kupeperuka. Mhindi husimama mrefu na kijani, na ndani ya gunzi hamna punje. Wiki mbili tu zimeondoa chakula cha mwaka mzima, ingawa kabla yake na baada yake mito ilijaa.

Kwa hiyo nimeona vema kuandika habari za mbegu zistahimilizo ukame, na jinsi zilivyotafutwa. Watu wengi husema hayo ni mambo ya juzi, yaliyoletwa katika mifuko ya dukani. Sivyo.

Zamani chakula cha Wamwera, na cha Wamakua na Wayao waliokaa nao, kilikuwa mtama kuliko mahindi. Mtama wenyewe ulikuwa mrefu kupita watu wawili, na suke lake lilitawanyika kama ufagio. Vijana wangu shuleni huucheka, husema ni mvivu kwa kuwa hukaa shambani miezi sita. Nami huwajibu kwamba mtama ule una saa yake. Katika nchi yetu, iliyo karibu nyuzi 10 kusini ya Ikweta, mchana wa Desemba huupita mchana wa Juni kwa saa moja na dakika chache. Sisi hatuoni tofauti hiyo, lakini mtama huiona. Ukipandwa Desemba, au ukichelewa hadi Januari, hautoi suke mpaka mchana umefupika kiasi chake. Ndipo mashina yote huchanua karibu pamoja, mvua ikikaribia kwisha. Punje hukomaa katika jua, wala haziozi. Na suke lililotawanyika likilowa kwa mvua ya mwisho hukauka upesi, ukungu usipate pa kukaa. Hakuna bwana shamba aliyeufundisha mtama jambo hili. Waliufundisha bibi zetu, ambao kila mavuno walichagua masuke mema, wakayatundika juu ya moshi wa jiko, na yaliyobaki ndiyo wakayala. Kuchagua namna hiyo kwa vizazi vingi ndiyo kazi ya mtaalamu wa mbegu, ila haikuandikwa.

Mali ya namna hii hupotea kwa njia moja nyepesi, nayo ni njaa. Katika Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, askari wa Wadachi walichoma vijiji na maghala ya kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mtu aliyechomewa ghala lake hakupoteza chakula tu, alipoteza na mbegu.

Sasa nifike kwenye jambo lililolifanya jina la Nachingwea lijulikane hata London. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma watu watatu, mkubwa wao Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, waje kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine, maana Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Walikaa Afrika Mashariki wiki tisa. Walipomaliza walileta shauri la mashamba 107, kila moja la eka 30,000. 80 yawe Tanganyika, na katika hayo 55 yawe huku Jimbo la Kusini. Matingatinga yakaja, mengine yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikaletwa mpaka Nachingwea.

Kongwa, walikoanza, hapakuwa na hesabu ya mvua ya miaka mingi ya kutegemea. Udongo wake ulipokauka uligeuka kama tofali, karanga zikashikwa ndani yake. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ile ikakiri kwamba shauri limeshindwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu. Reli yetu nayo ikafungwa baadaye. Siandiki haya ili kuwacheka waliokufa. Lakini yafaa tuangalie kosa lilikuwa wapi. Walikuwa na fedha, mashine na wataalamu wa kweli. Walichokosa ni misimu. Mbegu haijulikani kwa wiki tisa. Hujulikana ikipita mwaka wa mvua njema, na mwaka wa mvua mbaya, na ule ambao mvua ilianza vema ikadanganya. Hata wao walilitambua hilo, kwa maana baada ya mwaka 1951 mashamba ya Nachingwea yalipunguzwa yakawa hasa ya majaribio, na tangu mwaka 1955 yakasimamiwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Baadaye kazi ya utafiti wa kilimo wa kusini ikawa na makao yake Naliendele, karibu na Mtwara.

Katika miaka ileile, mbali na kelele za matingatinga, mtu mmoja alikuwa akifanya kazi ndogo katika vijishamba vidogo. Huyu ni Bwana Hugh Doggett, Mwingereza, aliyeushughulikia mtama kwanza Ukiriguru karibu na Mwanza, kisha Serere katika Uganda. Kazi yenyewe inataka uvumilivu. Ua la mtama ni dogo kuliko punje ya mchele, nalo lina kiume na kike pamoja, hata hujizalisha lenyewe. Anayetaka kuchanganya aina mbili hana budi kukitoa kile cha kiume kwa kibanio, ua moja moja, kabla halijafunguka, kisha alifunike suke kwa mfuko wa karatasi na kulipaka vumbi la suke la aina ya pili. Watoto wa ndoa hiyo hawafanani: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja huwahi, mmoja huchelewa. Hupandwa, huchaguliwa, hupandwa tena, misimu sita au minane, mpaka watulie.

Kwa njia hiyo Doggett aliuchanganya mtama mmoja uitwao Swazi na mwingine uitwao Dobbs, uliolimwa magharibi ya Kenya, akapata mtama aliouita Serena. Ulikuwa mfupi, uliwahi kukomaa, ukaenea katika nchi zetu tatu. Punje zake zilikuwa nyekundu zenye uchungu, kwa hiyo ndege hawakuzipenda sana. Lakini ugali wake nao ulikuwa mweusi na mchungu, na watu wengi waliupeleka kwenye pombe. Hapo pana fumbo ambalo wataalamu hawajalifumbua lote mpaka leo: punje tamu kwa mtu ni tamu kwa kweleakwelea pia.

Kwa mahindi, wataalamu wa Katumani, karibu na Machakos, walikwenda njia nyingine. Hawakutafuta mhindi unaokinywa kiangazi, walitafuta unaokikimbia. Mbegu yao ya mwaka 1968, Katumani, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Walioipata hapa kwetu waliisifu, ila baadhi wakalalamika baada ya miaka michache kwamba imeharibika. Haikuharibika. Mahindi si kama mtama. Vumbi lake huchukuliwa na upepo, na ukipanda Katumani kando ya shamba la jirani mwenye mahindi marefu, mbegu utakayoiweka itakuwa nusu ya jirani.

Mtu ambaye habari zake huwapendeza wanafunzi wangu kuliko wote ni Profesa Gebisa Ejeta, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1950 katika nyumba ya nyasi ya chumba kimoja. Mama yake hakujua kusoma, lakini alimtaka asome. Na mtoto alitembea kilomita 20 Jumapili kwenda shuleni, akarudi nyumbani Ijumaa. Alisoma mpaka Marekani, kisha mwaka 1979 akaenda Sudan kufanya kazi ya mtama. Mwaka 1983 ukatolewa mtama chotara wake, Hageen Dura-1, ulioustahimili ukame na kuzaa kuliko mtama wa kienyeji. Na mwaka uliofuata Sudan ikashikwa na ukame mkubwa. Chotara ana masharti yake: mbegu hununuliwa kila mwaka, maana ukiipanda uliyoivuna, nguvu yake hupungua.

Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Purdue, aligeukia adui mwingine, kiduha. Wenye mashamba yaliyochoka wanayajua maua yake mekundu mazuri. Mbegu zake ni kama vumbi, nazo hulala ardhini miaka mingi, mpaka zinuse dawa itokayo katika mzizi wa mtama; ndipo huamka na kuunyonya mzizi huo. Mwaka wa mvua chache ndio kiduha huumiza zaidi, kwa kuwa humnyang'anya mtama maji yale machache. Ejeta na wenzake walichagua mitama itoayo dawa hiyo kidogo sana, hata kiduha kisiamke. Miwili kati yake ilijaribiwa na wataalamu wa Tanzania, ikatolewa kwa wakulima mwaka 2002 kwa majina ya Wahi na Hakika. Mwaka 2009 Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Basi, msomaji ataniuliza: kama Wahi ipo, na Macia iliyotolewa hapa mwaka 1999 ipo, kwa nini wazee wa Ruangwa hawautupi mtama mrefu? Nami niliuliza hivyo, mpaka tulipopanda yote miwili katika shamba la shule, siku moja ya Desemba. Mtama mfupi haungoji mchana ufupike. Huhesabu siku zake tu. Mwisho wa Februari ulikuwa umetoa suke, mwanzo wa Aprili umekomaa, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Punje zikashika ukungu mweusi. Tena, kwa kuwa shamba letu lilikomaa peke yake katika mtaa mzima, ndege wote walikuwa wageni wetu. Mtama mrefu ulivunwa Juni, mkavu na mweupe. Vijana wakapiga makofi kwa wazee.

Lakini msimu uliofuata mvua ilikoma mwisho wa Machi. Mtama mrefu ulikuwa haujachanua. Masuke yalitoka nusu, yakabaki mapepe. Chakula cha shule kilitoka kwenye mistari ile mifupi tuliyokuwa karibu kuing'oa.

Bibi mmoja, jirani wa shule, alinionyesha afanyavyo. Mtama mrefu huupanda na mvua ya kwanza. Mfupi hungoja nao mpaka kiangazi kidogo cha Februari kipite, ili ukomae mvua ikiondoka. Na hupatana na majirani wapande wiki moja, ndege wagawane mashamba. Mbegu ya kila mmoja huiweka katika kibuyu chake. Desemba ijayo nasi tutafanya hivyo, na vijana wanane wamekwisha kuandikwa zamu ya kufukuza ndege.